Masale Yaliyokatwa kwa Ajili ya Tangi la Matumbawe

Ndugu zangu, nyumba ya Mathew kule Kilema ilikuwa na amani. Migomba iliizunguka, na nyuma ya dirisha la sebule lilikuwepo kaburi la baba yake, limezungushiwa masale marefu, mimea ya majani membamba ambayo Wachaga huiheshimu. Kila alasiri mama yake, Mektrida, ambaye macho yake yalishafifia, alitoka akipapasa majani yale mpaka anafika, akaketi kumsimulia mumewe habari za ng'ombe. Mumewe hakumkatiza hata mara moja, jambo lililomshinda alipokuwa hai.

Mathew alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hoteli ya pwani. Alirudi na tangi la kioo, chumvi ya kuchanganya maji na vipande vya matumbawe ya kufugwa. Alitaka bahari sebuleni, huku mlimani. Si dhambi, wengine tunafuga mbwa wasiobweka.

Shida ilikuwa taa, maana matumbawe huishi kwa mwanga. Fundi mmoja wa Moshi mjini alimshauri anunue taa ndogo ya kazi hiyo, yenye mwanga wa bluu na mweupe, kisha apunguze tamaa: aanze na matumbawe laini yasiyodai mwanga mkali. Mathew aliona anaibiwa. Akanunua taa za bluu za kupambia baa, na zilipoonekana hazitoshi, akachukua panga. Jua ni la bure, alimwambia mkewe, Flavia.

"Baba Evelyn, migomba kata," Flavia akasema. "Masale ya mzee usiguse."

"Majani tu hayo. Yataota tena."

Akafyeka yote.

Jua liliingia kweli. Likapasha maji moto, likaotesha utando wa kijani kwenye kioo, na matumbawe yakapauka tawi kwa tawi, hadi yakawa meupe kama mifupa iliyooshwa. Kisha ukungu ukashuka, ukakaa. Mchana ukawa wa kijivu, na ile bluu ya baa ikavuja dirishani hadi njiani. Majirani wakaanza kupita upande wa pili. Flavia naye, kila akikatiza sebuleni, alihisi kuna mtu amesimama nyuma ya kioo.

Tangu masale yakatwe, yeye ndiye aliyemshika mama mkono kumpeleka kaburini. Alasiri moja alikawia kwa ng'ombe, mama akatoka peke yake. Flavia na Mathew waliita, na ukungu ukarudisha matone tu. Kaburini udongo ulikuwa umepapaswa pande zote, kama mtu aliyetafuta mlango.

Walimkuta sebuleni. Alipokosa majani ya kushika, alikuwa ameufuata mwanga pekee aliouona. Amepiga magoti, paji la uso kwenye kioo, anaongea polepole. Akageuka, uso wake wa bluu.

"Mathew, umemfukua baba yako?"

Mathew akayatazama matumbawe meupe ndani ya tangi.

"Wazee wa zamani walifukuliwa, ndiyo. Mafuvu yao yaliwekwa penye masale, pakavu. Wewe umemtia kwenye maji. Anasema anasikia baridi."

Flavia aligusa kioo. Maji yaliyokuwa vuguvugu kwa siku nyingi yalikuwa baridi kama ya mto.

Kwetu mwenye kosa huomba msamaha akiwa na jani la isale mkononi. Mathew hakubakiwa na hata moja. Ilibidi aende kwa jirani yake, Ndelilio, ambaye alimchumia bila kuuliza kosa. Aliuliza tu kama taa za baa huja na bia zake. Mama alilipokea jani, akasamehe. Masale mapya yakapandwa.

Lakini Mektrida hakwenda tena kaburini. Husema mzee hayupo kule. Kila alasiri huketi mbele ya tangi, akisimulia habari za ng'ombe. Matumbawe yote yalishakufa. Hata hivyo Mathew aliinunua ile taa aliyoambiwa na fundi, kwa sababu mama hulia akimkuta mumewe gizani.

Funzo

Ukitaka kufuga kiumbe, nunua kwanza mwanga unaokifaa. Mfuko ukikataa, fuga kile kinachoweza kuishi kwa mwanga ulio nao. Usizibe upungufu wa bajeti yako kwa kukata kitu ambacho mwenzako hukishika ili asipotee.