Kigingi Juu ya Kaburi

Maiti ya Sedekia ilikutwa asubuhi, imelala kifudifudi kwenye migomba ya mzee Abrahamu, mteremko wa chini ya Tukuyu. Kisogo kilikuwa kimepondwa. Mwaka ulikuwa 1953, na wapimaji walikuwa wakitafuta njia ya reli kutoka Iringa, ipite kiwanja cha ndege cha Mbeya, kisha iteremke hadi ziwani, ambako Wazungu walitaka nyumba za kupumzikia. Sedekia ndiye aliyekuwa akipigilia vigingi vyao vyeupe. Cha mwisho kilisimama juu ya kaburi la baba yake Abrahamu.

Sajenti Fanueli, Mhehe aliyetumwa kutoka kituo cha Mbeya, alifika mchana na askari mmoja, akamkuta shahidi anamsubiri msibani. Kasian, karani wa wapimaji, alikuwa ameketi penye nyama ya matanga, anafyonza mfupa. Alimkatia sajenti kipande cha ini, naye kwa njaa ya safari akakila.

"Kazi yako nyepesi, afande," alisema Kasian. "Jana jioni nilipita kwa Abrahamu. Nilimwona akimpa mkamwana wake nyundo ya vigingi, ina damu. Mwanamke akaipokea, akaichomeka kwenye paa la jiko, upande wa mlimani."

"Alimpa mkononi?"

"Mkono kwa mkono, wanatazamana kama mimi na wewe."

Fanueli alipekua nyasi za paa, upande wa mlimani, akaitoa nyundo. Sababu nayo haikuhitaji kutafutwa, maana kijiji kizima kilimsikia mzee akiapa kwamba atakayelichezea kaburi la baba yake atazikwa kando yake. Abrahamu akatiwa pingu. Alisema hakuua, basi. Kesi ya namna hiyo mwisho wake ni kitanzi, na kila aliyekuwapo alilijua hilo.

Walipitia nyumbani ili mzee achukue blanketi. Kabla hawajafika, Abrahamu alikohoa kwa nguvu. Uani, Atuganile, mke wa mwanawe aliyekuwa migodini, aliacha chungu motoni, akajifunika kitambaa usoni na kutimkia migombani. Fanueli alimfuata, akamkuta amechutama, amewapa mgongo.

"Kama huna kosa, unakimbia nini?"

"Sikukimbii wewe, baba," alijibu bila kugeuka, analia. "Mtoe kwanza huyo, ndipo tuzungumze."

Hata jina la mzee hakulitaja. Fanueli alijiona amepata wauaji wawili kwa siku moja, akamwacha mwanamke chini ya ulinzi wa yule askari. Njiani kwenda Tukuyu akamwambia Abrahamu kwamba mkamwana wake amejishtaki mwenyewe kwa kukimbia.

Mzee alisimama. "Ulitaka anitazame? Huku kwetu, afande, mkamwana haoni uso wa baba mkwe, wala hapokei kitu mkononi mwake. Mimi nakohoa, yeye anapotea. Tangu aolewe ni hivyo."

"Na Kasian halijui hilo?"

"Atalijulia wapi? Kwao Songea. Huku alikuja kula madume yetu tu."

"Madume gani?"

"Alisema nikimpa dume la ng'ombe, reli itakwepa kaburi. Nilimpa. Tulimpa wengi. Sedekia ndiye aliyetufumbua macho, kwamba karani hapindishi reli hata unyayo mmoja. Leo ndiyo alikuwa aende kumsema kwa bwana mpimaji."

Fanueli akakumbuka maneno ya Kasian, mkono kwa mkono, na lile ini alilomkatia. Akamfungua mzee pingu, wakarudi msibani.

Kasian alikuwa bado anakula. "Karani, hebu rudia uliyoniambia," Fanueli alisema, "wote wasikie."

Kasian alijifuta mdomo, akarudia yote bila kuacha kitu. Alipofika kwenye kutazamana, wanawake waliokuwa wakiomboleza waligeuka kumtazama mmoja baada ya mwingine.

"Atuganile alimtazama mkwewe usoni?" mjane wa Sedekia aliuliza.

"Kwa macho yangu niliona."

"Hawa hawajapeana hata kijiko," Fanueli alisema. "Basi nani alikuonyesha nyundo ilipo?"

"Labda... kulikuwa na giza, sikuona sawasawa."

"Nyundo uliijua sawasawa. Mpaka na upande wa paa. Uliichomeka wewe."

Kasian aliangalia huku na huku; wanaume walikwisha kuziba njia. "Nipoteze kazi kwa ajili ya ng'ombe wa washenzi?" alifoka. "Nilimsihi anyamaze. Hakutaka."

"Ukamuua," Fanueli alisema, "kisha ukaja kula nyama ya matanga yake. Na mimi ukanilisha."

Akenda nyuma ya nyumba, akatapika. Aliporudi alimtia Kasian pingu bila kumtazama, maana alimwona kama kitu kilichooza.

Mwaka uliofuata wapimaji walikunja mahema, na reli haikuja. Lakini siku ile Kasian alipokamatwa, Fanueli alimsindikiza Abrahamu hadi kwake. Mzee alisimama kwenye kona ya njia akakohoa. Migomba ikatikisika, na kutoka ndani yake wakasikia mwanamke anacheka na kulia kwa pamoja. Mzee alingoja mpaka kukatulia, ndipo akaingia nyumbani.