Sikubadilisha Mimi

Bi Verna Hruska alikutwa ameketi kwenye kiti kando ya mlango wake, koti limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, mkoba mapajani, glavu moja mkononi na nyingine sakafuni. Alikuwa ameshakufa.

Inspekta Leland Kucera alimtazama kwa muda bila kumgusa. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na dirisha lililovunjwa. Theluji ya barazani ilikuwa na nyayo za watu wawili tu: dereva wa gari la kliniki, na Bi Fern Dolezal, jirani, aliyefungua mlango kwa ufunguo wa akiba.

"Dereva kapiga honi mara tatu," Bi Fern alisema. Alikuwa ameketi jikoni, mrija wa oksijeni puani, mtungi mdogo kwenye kitoroli kando yake. Kila alipovuta pumzi mtungi ulitoa sauti: tss. "Leo tulikuwa twende wote. Ndiyo Jumatano yetu ya kwanza."

"Kwenda wapi?"

"Kliniki. Yeye kumwona daktari, mimi mazoezi. Halafu wanatupa chakula cha mchana."

"Alikuwa anaumwa?"

"Moyo. Ana kile kidude kifuani…" Akajisahihisha. "Alikuwa nacho."

Kucera alimpa kitambaa. Alimfahamu tangu utotoni. Mama yake Kucera, sasa marehemu, aliimba kwaya moja na Bi Fern, enzi zile mji wa Tobin Creek ulipokuwa bado na kanisa lililo wazi. Sasa walibaki watu mia sita katika kona hii ya Nebraska, wengi wao wazee, kila mmoja na nyumba yake na mapazia yake.

Mwanamke wa miaka sabini na minane, mgonjwa wa moyo, kafia kitini. Kucera angeweza kujaza fomu na kwenda zake. Lakini juu ya meza palikuwa na barua kutoka hospitali ya moyo ya Omaha. Ilisema upasuaji mdogo wa tarehe ishirini Januari umefutwa, kwa kuwa bima mpya ya mgonjwa haiwatambui madaktari wa hospitali hiyo. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, mwandiko unaotetemeka: *Sikubadilisha mimi.* Akayapigia maneno hayo mstari mara mbili.

Inspekta aliitia barua ile kwenye mfuko wa vielelezo.

Siku ya pili Daktari Amundsen, mchunguzi wa maiti, alimpigia simu.

"Betri, Leland."

"Betri ya nini?"

"Ya kifaa kinachoongoza mapigo ya moyo wake. Imekwisha kabisa. Kumbukumbu za kifaa zinaonyesha kilianza kutoa onyo Novemba. Upasuaji uliofutwa ulikuwa wa kubadilisha hiyo betri. Bila kifaa, moyo wake usingepiga hata dakika chache."

"Kwa hiyo si mauaji."

"Mimi nakwambia kilichomuua. Aliyemuua, hiyo kazi yako."

Kucera aliendesha gari hadi maktaba ya wilaya. Huko mama mmoja wa kujitolea, Bi Odessa Tate, huwasaidia wazee kuchagua bima. Alipolisikia jina la Verna alivua miwani.

"Nilikaa naye saa mbili nzima, miaka kumi na mitatu iliyopita. Alikuja na daftari na maswali yake. Hapa njia ni mbili, Inspekta. Ya kwanza unabaki na Medicare, bima ya serikali ya wazee, na juu yake unanunua bima ya nyongeza. Kila mwezi inauma mfukoni. Lakini unamwona daktari yeyote anayeipokea Medicare, popote, huombi ruhusa ya mtu. Verna alichagua hiyo, kwa sababu ya moyo wake."

"Na ya pili?"

"Ya pili unajiunga na mpango wa kampuni. Ni nafuu. Una meno, una miwani, una mazoezi, una gari la kukufuata mlangoni. Kwa mtu mwenye afya yake ni neema. Lakini mpango huu wa Verna ni wa mtandao: madaktari wao tu, na bingwa humwoni mpaka daktari wao akuandikie barua. Miadi ya hiyo barua yenyewe unaweza kuingoja mwezi. Yule mwanamke asingeuchagua hata ukimlevya."

"Angeweza kurudi alikokuwa?"

"Mbona rahisi! Mtu akiandikishwa bila ridhaa yake anarudishwa. Hata bila hivyo, mlango uko wazi hadi mwisho wa Machi. Simu moja tu, Inspekta. Angenipigia mimi." Bi Odessa alifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. "Wewe mwenyewe umri wa Medicare unakukaribia. Barua za makampuni zimeanza kuja?"

"Zimejaa kikapu."

"Na unazungumza na nani kuhusu hizo barua?"

"Na kikapu," Kucera alisema, akavaa kofia.

Wakala aliyemwandikisha Verna alikuwa mbali, jimbo jingine, kijana aitwaye Terrell Boykin. Kucera alimbana kwenye simu.

"Ulimwona kwa macho?"

"Hapana, afande. Sisi kazi yetu ni simu."

"Kwa hiyo jina na namba ulijitungia."

"Wee! Afande, usinitie kwenye matatizo. Yeye ndiye aliyepiga. Nilimsomea kila swali, na kila kitu kimerekodiwa. Lete hati ya mahakama usikie mwenyewe."

Hati ilitoka, na rekodi ikafika baada ya siku nne. Kucera alifunga mlango wa ofisi.

Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee. Alitaja jina, Verna Marie Hruska, na tarehe ya kuzaliwa. Alisoma namba ya kadi polepole, kama anayeinakili.

"Una daktari ambaye ungependa kubaki naye?" Boykin aliuliza.

Tss.

"Hapana. Sina."

"Una swali lolote kabla hatujamaliza, Bi Verna?"

"Lile gari la Jumatano," sauti ile ikauliza, na ghafla ikawa na uhai. "Linachukua watu wawili wa mtaa mmoja? Wanaweza kukaa kiti kimoja?"

Kucera aliirudisha nyuma na kusikiliza tena. Safari hii hakusikiliza maneno. Alisikiliza pumzi.

Bi Fern alifungua mlango kabla hajabisha. Mezani alikuwa ameweka sahani mbili na andazi la plamu katika kila moja.

"Karibu, mwanangu. Nimekuona tangu unaegesha."

"Bi Fern, una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Kaa basi."

Akakaa. Akaweka kinasa sauti mezani, akamchezea ile rekodi hadi mwisho. Bi Fern aliisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ni sauti ya nani?"

"Unaijua."

"Nataka uiseme wewe."

"Yangu."

"Namba ya kadi uliipata wapi?"

"Alinipa mwenyewe. Alinipa na ufunguo. Akasema, Fern, siku nikianguka, wape watu wa hospitali."

"Kwa nini, Bi Fern?"

Mtungi ukasema tss, mara tatu, mara nne.

"Wanangu wako Arizona. Wananipigia Jumapili, dakika kumi. Ukumbi wa chakula umefungwa, kanisa limefungwa. Nikajiunga na ule mpango kwa ajili ya gari lile, ndiyo kweli yenyewe. Wenzangu wote wanapanda wawili wawili. Mimi nakaa nyuma ya dereva. Nilimbembeleza Verna, akanicheka. Akasema, mimi na daktari wangu wa Omaha tutazikana. Nikaona, akishajikuta humo, atazoea. Nilijua ana kidude. Sikujua habari ya betri. Naapa, Leland, sikujua."

"Barua ilipokuja ulijua."

Bi Fern alirekebisha mrija puani.

"Alikuja kwako?"

"Alikuja." Sauti ilishuka. "Kasimama hapo hapo mlangoni, analia. Fern, nani kanifanyia hivi? Ningemwambia siku ile…"

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, labda wewe mwenyewe ulijibu simu ukasahau. Umri huu, nikamwambia, tunasahau."

Kucera aliacha kuandika.

"Akaniamini," Bi Fern aliendelea. "Hilo ndilo linaloniua. Akaogopa. Akasema nisimwambie mtu, watasema akili imemtoka, watampeleka kwenye nyumba ya wazee. Ndiyo maana hakumpigia yeyote. Yale maneno aliyaandika kwenye barua, nadhani, ili ayakumbuke mwenyewe. Nikasema moyoni, kesho nitamweleza. Kila siku kesho. Halafu akapata miadi na daktari wao ya ile Jumatano, akanipigia, Fern, basi tutapanda wote. Usiku ule sikulala kwa furaha. Furaha, Leland! Nimenyoa kichwa cha rafiki yangu kwa wembe butu, nami nafurahi."

Kucera aliandika maelezo yake yote, kurasa tatu. Kujifanya mtu mwingine kulikuwa ni kosa lisilo na ubishi. Kuhusu kifo, mwendesha mashtaka angeamua. Kucera alimsomea kuanzia mwanzo, kama sheria inavyotaka. Alimwonyesha mahali pa kusaini.

Bi Fern alishika kalamu, lakini hakuiteremsha. Nje hapakupita gari wala mtu.

"Nisomee tena," alisema.

"Kuna mahali hukuelewa?"

"Hapana. Nimeelewa yote." Akasogeza sahani ya pili karibu na mkono wa Inspekta. "Nisomee tu tena. Usiharakishe."

Kucera alitazama saa, kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.