Kichwa Changu si cha Kujifunzia

Kwa watu wa mtaa wetu, kusukwa na Mama Vidole kulikuwa kama kupewa usingizi wa mchana. Unakaa chini mkekani, unaegemeza mgongo kwenye magoti yake, na kabla hujamaliza kumsema jirani, kichwa kimekwisha. Sharti lake lilikuwa moja: usigeuke. Mteja akigeuka mstari unapinda, na mstari uliopinda haubembelezwi, unafumuliwa. Akimaliza, atakugusa bega yeye mwenyewe na kusema, "Haya, geuka tukuone."

Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa wa mkono wa kushoto. Misuko yake ililala upande usiozoeleka, kama majani yaliyopulizwa na upepo wa kinyume. Mama alimwita Mashoto, kwa utani uliokuwa na mwiba ndani. Siku moja msichana alichukua kitana akasema, "Mama, leo kaa wewe, nikusuke." Mama Vidole akacheka, wateja nao wakacheka.

"Kichwa changu si cha kujifunzia," alisema. "Mkono wako unaumiza."

Mate yakishatemwa hayarudi kinywani. Binti alikua, akahamia jiji kubwa, akafungua saluni. Kila akipiga simu alimalizia vilevile: "Njoo mama, japo siku mbili. Nitakusuka, na hutasikia chochote." Mama alijibu kwamba atakuja wateja wakipungua. Sidhani kama alidanganya. Wengi wetu huamini kwamba watu wetu watatungoja.

Wateja hawakupungua. Homa ilimwangusha binti wakati wa mvua kubwa, daraja likiwa limekatika, na waliomzika ni wenzake wa saluni na majirani. Mama hakuuona uso wake. Kwa hiyo safari yake ya kwanza jijini ilikuwa ya kwenda kukunja nguo za marehemu na kurudi kesho yake.

Alishuka kwenye basi asubuhi yenye jua zuri, kikapu mkononi, kitambaa kichwani. Nywele zilizokuwa chini ya kile kitambaa hazikuwa zimeguswa tangu msiba. Aliwasalimia abiria, akamsalimia mfagiaji, akawasalimia watu waliokuwa wakikimbilia kazini, mmoja mmoja.

Dereva wa bodaboda alimtazama kwa huruma. "Mama, ukitaka kumsalimia kila mtu hapa utafika mwakani. Panda."

"Kwani hapa hamna wazazi?"

"Tunao, mama. Tunawapigia simu."

Mama Vidole alicheka, kicheko cha kwanza tangu mvua zile. Kisha akakumbuka kwamba na yeye alikuwa wa kupigiwa simu. Njia nzima majengo marefu ya vioo yalikuwa yakimpita, na katika kila kioo mwanamke mwenye kikapu akimpita pia.

Saluni ilikuwa fremu moja ya duka kati ya fundi simu na muuza vipuri. Juu ya mlango palikuwa na bango la rangi ya waridi. MASHOTO SALUNI. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Hatuumizi.

Mama Vidole alisimama akalisoma lile neno la chini mpaka dereva akadhani hajui kusoma, akamsomea.

Aliyempokea ni mwenzake na binti yake pale saluni, msichana waliyemwita Mrefu, ambaye ilimbidi ainame ili kukumbatia mtu yeyote. Alimkalisha, akampa maji, akalia kidogo, akajifuta kwa taulo la wateja. "Shikamoo mama. Karibu. Alikuwa akikutaja kila siku, mpaka tunakuogopa."

Hawajakaa sana, mteja akaingia. Mwanamke wa ofisini, viatu vya kisigino, mkoba kwapani. Alichungulia huku na huku.

"Yule dada mwingine hayupo? Nimepita mara moja tu, kuna mstari umelegea hapa sikioni."

"Dada yangu, hapa niko peke yangu," Mrefu alisema.

"Acha hizo. Mkimya yule. Wiki iliyopita, mchana, hukuwepo. Mikono baridi kama katoka kufua, lakini anasuka, jamani! Sijaumia hata chembe." Akainamisha kichwa ili waone.

Mama Vidole aliona. Mistari myembamba, sawasawa, safi kuliko aliyowahi kusuka yeye.

Yote ilikuwa imelala upande wa kushoto.

Mrefu alimrekebisha yule mwanamke ule mstari. Mteja alipotoka, msichana alirudisha mlango.

"Mama, nilitaka kukwambia kwenye simu. Nikashindwa."

"Niambie sasa."

Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Mchana nikienda kula nafunga kwa kufuli. Nikirudi, kufuli liko vilevile, lakini sakafuni nakuta nywele. Rangi ambazo sijazishika siku hiyo. Wateja wanasema mlango huwa wazi."

"Wanaona uso?"

"Hakuna anayekumbuka uso. Wanasema anauliza neno moja tu. Kila baada ya mstari."

"Neno gani?"

Mrefu alitazama chini. "'Inauma?'"

Mama Vidole hakupiga kelele. Aliweka bilauri ya maji mezani, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Nyuma ya saluni palikuwa na mlango wa chumba alichoishi binti. Kitanda cha chuma, sanduku, magauni kwenye msumari, dirisha moja linalotazama ukuta. Chini, mbele ya kitanda, palikuwa na mto mdogo uliobonyea katikati: hapo ndipo walipokaa wateja wa jioni, migongo yao magotini pake. Alijifunza kukaa hivyo kwa mama yake.

Jua lilikuwa la utosi Mrefu aliposema anakwenda kutafuta maboksi. "Twende wote, mama. Usibaki saa hizi."

"Niache nimkunjie mwanangu nguo."

"Mama..."

"Nenda. Na ufunge kama unavyofunga siku zote."

Alisikia kufuli likibana. Alisikia viatu vya msichana vikienda, honi, fundi simu akijaribisha mlio. Alikaa juu ya ule mto, akaegemea kitanda, akalivuta gauni la kwanza mapajani. Lilikuwa bado na harufu ya mafuta ya nywele. Alilikunja. Akalikunjua. Akalikunja tena. Akavua kitambaa, maana joto lilikuwa kali, na akafumba macho kidogo tu.

Mlio wa simu ya fundi ulikatika katikati.

Honi pia.

Joto likaondoka chumbani kama maji yanavyoondoka kwenye ndoo iliyotoboka.

Kisha kitanda kililia nyuma yake. Kidogo. Mlio wa mtu mwepesi anayekaa.

Alifumbua macho. Mbele yake palikuwa na ukuta tu. Mgongo wake haukuwa tena umeegemea chuma. Ulikuwa umeegemea magoti.

Kitana kilipita utosini. Kikapasua njia. Vidole vikashika nywele, vitatu vya mkono huu, vitatu vya ule. Baridi. Havikuvuta. Mama Vidole amesuka maisha yake yote na hajui vidole vya namna ile. Alitaka kusali, midomo ikakataa. Mstari wa kwanza ulishuka hadi kisogoni, ukafungwa.

Sikioni, karibu mno, bila pumzi:

"Inauma?"

Machozi yalimtoka kabla ya sauti. "Haiumi," alisema. "Haiumi, mwanangu."

Mstari mwingine. Na swali. Na jibu. Mwingine tena. Hofu ilianza kumtoka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alisema yote aliyoyabeba kwenye basi. Kwamba siku ile alicheka kwa sababu wateja walikuwepo. Kwamba hakuna mtu mwingine aliyeugusa moyo wake kama yeye, ndiyo maana akaogopa kumpa na kichwa. Vidole havikusimama. Kitana kilihamia nyuma ya sikio la kushoto, kwenye fungu la mwisho.

Hakuuona uso wake alipozikwa.

Alijua sharti. Alikuwa amelisema maisha yake yote. Alijua kwamba mstari uliobaki ulikuwa mmoja tu, kwamba ungekwisha punde, kwamba mkono ungemgusa bega. Lakini mama ni mama.

Akageuka.

Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka ilikuwa imebonyea, na bonde lile lilikuwa likiinuka taratibu. Kitana kilianguka sakafuni. Nje, honi zikarudi zote kwa mpigo.

Mrefu alipofungua kufuli alimkuta amekaa vilevile, gauni mapajani, kichwa kizima kimesukwa kwenda upande wa kushoto. Kasoro fungu moja nyuma ya sikio.

"Nani kakusuka, mama?" aliuliza, naye akajuta kuuliza.

"Nimegeuka," Mama Vidole alisema. "Maisha yangu yote nimewaambia watu wasigeuke, kwa mdomo wangu mwenyewe, na nimegeuka."

Asubuhi walikwenda makaburini. Aliweka kiganja juu ya udongo, muda mrefu. Jioni alikuwa nyumbani.

Tangu hapo mteja hajaegemea magoti yake. Wasiojua husema amechanganyikiwa. Mimi siwezi kusema hivyo, na wala siwezi kusema kinyume. Ninachojua ni kwamba misuko hulegea, nywele zikiota mistari hupanda juu, na msuko wa Mama Vidole haujalegea. Umebana kichwani kama umesukwa leo. Na ninajua kwamba kila mchana, jua likiwa la utosi, anaweka mto mdogo kizingitini pake, anakaa akitazama njia, na nyuma yake mlango wa chumba cha giza uko wazi. Ukimwita wakati huo hageuki. Ukipita karibu utamsikia akisema kwa upole, akinyamaza, akisema tena: "Haiumi."

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, msusi pia, alimhurumia. Juzi alimfuata na kitana chake. "Shoga, hebu nikumalizie hilo fungu la sikioni. Linaning'inia kama kamba ya mbuzi."

"Liache. Lina mwenyewe."

Jirani aliinama ili amtanie zaidi, akaona. Lile fungu halikuwa likining'inia tena. Lilikuwa limeanzwa, jembamba, sawasawa, limelala kushoto. Limeshapita shingo. Zimebaki nywele za upana wa ukucha.

Alirudi nyuma hatua. "Na huu ukiisha, shoga?" alinong'ona. "Ukiisha itakuwaje?"

Mama Vidole hakumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo mbele, kama anayeurahisishia mkono kazi, na alikuwa anatabasamu.

"Ukiisha," alisema, "nitaguswa bega."