Mzunguko wa Ishirini na Sita

Harufu ilianza jikoni, saa nane mchana: mafuta ya nyonyo yaliyoungua. Kanchana akakagua jiko, akakagua na taa ya miungu. Hakuona kitu.

"Baba Devaki, unachoma nini huko?"

"Nichome nini? Niko na karatasi zangu."

Mumewe, Thangavelu, aliijua harufu ile. Ndiyo mafuta waliyotumia kwenye magari ya mbio ya zamani, yale ya kiti kimoja na magurudumu yaliyo nje. Klabu ya magari ilikuwa imemwomba aandike historia ya mbio za Pulicheri, zilizofanyika kila Februari kwenye uwanja wa ndege ulioachwa na Waingereza, mpaka zilipofutwa mwaka 1979. Wenzake wote waliohesabu mizunguko ya magari walishakufa. Katika kuandika alikuwa amefika mwaka huo wa mwisho, na kalamu ikagoma.

Siku ya pili ukaja mlio. Injini ilipita nyuma ya nyumba, na baada ya dakika moja na sekunde hamsini na mbili ikapita tena. Nyuma ya nyumba hakukuwa na barabara, kulikuwa na mpunga.

Kanchana akakosa usingizi. Siku ya kumi na moja hakuweza kumeza hata uji, akalala ameelekea ukutani macho wazi, na kila injini ilipopita kidole chake kilichora mstari mmoja kwenye chokaa, minne wima na wa tano ukiikata, kama wahesabuji wa Pulicheri walivyofanya, ingawa maisha yake yote hakuwahi kukanyaga uwanja ule na hakuna aliyemfundisha.

Binti yao Devaki akamleta shehe, Hazrat Kamaludeen, kutoka dargah, penye kaburi la walii. Mzee akasomea maji. Injini ikapita, maji yakamwagika.

"Majini wa siku hizi nao wana haraka," akasema Hazrat. Hakuna aliyecheka. Akamgeukia Thangavelu, akashusha sauti. "Huyu hafukuziki. Amechoka kuliko nyinyi. Anamzunguka mkeo kwa sababu wewe unamkwepa. Anataka nini?"

"Kusimama."

"Basi msimamishe. Mama huyu hana siku tatu."

Thangavelu akatazama sakafu. "Kila gari lilikuwa na mhesabuji wake. Langu lilikuwa namba saba, la Derrick Fonceca. Mizunguko ishirini na mitano. Mmoja sikuuona. Alipomaliza, karatasi yangu ilisema ishirini na nne, wakamnyima bendera ya kumaliza. Akaenda wa ishirini na sita. Tairi likapasuka, hakutoka hai."

"Baba," Devaki akanong'ona, "na hukusema?"

"Hawakuniuliza."

Kesho yake mchana Thangavelu alisimama na Hazrat kwenye zege lililopasuka la Pulicheri, mkononi bendera ya miraba myeusi na myeupe. Mbuzi walikuwa wakila nyasi, kisha wakaacha. Harufu ikaja, mlio ukaja, ukakua mpaka meno yakamtetemeka, na pale ambapo hakukuwa na kitu ila joto lililopanda kutoka kwenye zege alihisi upepo wa gari ukimpiga magotini, akainua bendera kwa mikono miwili, akaishusha, akainua, akaishusha.

Injini ikazimika mbele yake. Vidole vya glovu ya ngozi vikamshika kifundo cha mkono.

"Nimemaliza?"

"Ulimaliza zamani. Mimi ndiye niliyekosa mmoja."

"Kwa nini?"

Miaka yote alikuwa amejitayarishia majibu: vumbi, jua, magari mawili kupita pamoja.

"Nilikuwa nakula," akasema. "Mwenzangu alinipa wali wa ndimu uliofungwa kwenye jani la mgomba. Niliinama kufungua jani."

Vidole vikakaa. Kisha vikaachia.

Simu ya Hazrat ikalia. Alikuwa Devaki. "Mama amelala," akasema. "Anakoroma."

"Twende, kaka," akasema Hazrat.

Thangavelu alikuwa ameketi kwenye zege, macho kwenye saa yake. Dakika moja na sekunde hamsini na mbili zikapita kimya. Zikapita nyingine.

"Ngoja kidogo," akasema. "Nihesabu tena."