Kibuyu cha Ulezi na Masizi ya Kupaka

Kila asubuhi, kabla ya chai, Albina alikuwa na ugomvi na masizi. Alifagia jiko la uani, akasugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka zikang'aa, kisha akainua macho juu ya mafiga na kununa. Pale juu, kwenye boriti, kilining'inia kibuyu cha Bibi Silvana. Kilikuwa cheusi tii kwa moshi wa miaka mingi, na mdomo wake ulizibwa kwa gunzi la mahindi lililopakwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu.

Albina alikuwa darasa la sita, kiranja wa usafi, na hakupenda kuona kitu cheusi katika jiko analolifagia yeye.

"Bibi, niruhusu nikioshe mara moja tu."

"Mke mwenzangu, unataka kuniua?" Bibi alimjibu akicheka. "Ule moshi ndio blanketi lake. Wadudu wanauogopa kuliko unavyoogopa wewe hesabu. Kiache hapo hapo."

Ndani ya kibuyu mlikuwa na mbegu ya ulezi. Bibi alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, akawa anaipanda kila mwaka katika shamba la ukoo huko kijijini, upande wa Kaengesa. Ulikuwa ulezi mwekundu, mfupi, usiolazwa na upepo wa Ufipa. Kila baada ya mavuno Bibi alichagua masuke mazuri, akayapura na kujaza kibuyu kile kimoja. Majirani wa kijijini waliokuwa nao zamani waliuacha wakafuata mahindi. Kwa hiyo kama ulezi wa kibuyu kile ungepotea, pasingekuwa na wa kumwomba mwingine.

Basi mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, ilinyesha mvua kubwa usiku kucha mjini Sumbawanga. Kulipokucha, ukuta wa nyuma wa nyumba waliyopanga ulikuwa na ufa kutoka chini mpaka darini. Mwenye nyumba, Mzee Sebastiani, alifika na mwavuli wake, akatia vidole vinne kwenye ufa, vikaingia vyote.

"Fundi Elia," alimwambia baba yake Albina, ambaye alikuwa seremala, "mimi siwafukuzi. Lakini mvua nyingine kama hii, ukuta unashuka. Jumapili isiwakute humu."

"Mzee wangu, leo si Alhamisi?"

"Ndiyo maana nimekuja asubuhi."

Baba aliwaketisha wote sebuleni. Kutafuta nyumba nyingine mjini kwa siku mbili ilikuwa kazi ngumu. Mama yake Albina, Edith, ndiye aliyekumbuka nyumba ya marehemu babu kule kijijini, iliyokuwa tupu tangu Bibi alipokuja kukaa nao. Baba akampigia simu mdogo wake, Flavian, anayeishi jirani na nyumba hiyo.

"Njooni, kaka!" sauti ya Baba mdogo Flavian ilisikika chumba kizima. "Nyumba nitaifagia. Na mwambie mama shamba lake nimeshalilima kwa ng'ombe, linasubiri mbegu tu."

"Mbegu itangoja," alisema Bibi. "Kwanza tutulie. Nitapanda mwisho wa mwezi."

Baba akagawa kazi. Yeye angetafuta gari na kufunga vifaa vyake vya useremala. Mama angefunga nguo, magodoro na kumwingiza kuku wake kwenye tenga. Bibi angeangalia unga na maharage. Jiko lote lilikuwa la Albina.

"Kibuyu kishushe polepole," Bibi alimwonya, "ukilaze kwenye kapu lenye majani makavu. Usikifute. Wala usikipitishe karibu na maji."

"Sawa, Bibi."

Ijumaa mchana rafiki yake Sharon, wa nyumba ya tatu, alikuja kusaidia. Walifunga vikombe kwa vipande vya vitenge, wakapanga sahani ndani ya ndoo na kuviringisha mikeka. Jiko likabaki jeupe. Albina akapanda kwenye kigoda, akakishusha kibuyu.

Sharon aliruka nyuma. "We! Hicho nacho mnapanda nacho kwenye gari? Mtaa mzima utawatazama. Watasema mnahama na chungu cha mganga!"

"Ni mbegu ya Bibi."

"Mbegu ndiyo ikae kwenye masizi? Na wewe ni kiranja wa usafi! Hebu niache nicheke."

Maneno hayo yalimchoma Albina. Aliwaza kuwa Bibi angefurahi kukiona kibuyu kimetakata, labda angesema alikuwa akikosea miaka yote. Akachukua beseni la maji ya sabuni, akaanza kusugua. Masizi yalitoka kidogo kidogo, na rangi ya kahawia ikaanza kuonekana. Akasugua kwa nguvu zaidi. Ile samadi ya mdomoni ikalainika, gunzi likachomoka, na kibuyu kikateleza mikononi mwake kama samaki. Kikazama katika beseni. Blu-blu-blu, kikanywa maji.

Alikiopoa upesi, akamimina maji, lakini mbegu zilikuwa zimelowa zote.

"Yesu wangu! Sharon, nitamwambiaje Bibi?"

"Kwani lazima umwambie?" Sharon alinong'ona huku akitazama mlangoni. "Ziba hivyo hivyo. Zikipandwa zisipoota, watasema ni mvua."

Albina alilirudisha gunzi, akalizungushia udongo wa mfinyanzi. Kisha alikwangua masizi chini ya sufuria kubwa, akayachanganya na mafuta kidogo ya kupikia, akakipaka kibuyu kizima mpaka kikawa cheusi kama mwanzo. Ukikitazama kwa mbali, usingejua kitu.

Jumamosi asubuhi kenta ilifika. Baba na Mama walipanda nyuma na mizigo, Bibi na Albina wakakaa mbele kwa dereva. Bibi alikuwa amekipakata kibuyu ndani ya kanga yake.

"Shikamoo, mama," dereva alimwamkia. "Hicho umekibeba ni dawa?"

"Marahaba. Ni mtoto wangu."

"Mtoto mweusi hivi! Baba yake ni nani?"

"Baba yake ni moshi, mama yake ni udongo. Wewe endesha taratibu, asije akalia."

Dereva alicheka mpaka akakosa gia. Albina hakucheka. Barabara ilikuwa na utelezi, na kila gari liliporuka alikitazama kibuyu. Walipofika njia panda, Bibi alishuka kujinyoosha, akampa Albina akishike. Albina alihisi joto. Kibuyu kilikuwa na uvuguvugu, kama yai lililotolewa sasa hivi chini ya kuku.

Bibi aliporudi, alikunjua kanga yake. Ilikuwa na baka jeusi kubwa.

"Ajabu," alisema polepole. "Miaka yote hii hakijawahi kunichafua."

Alimtazama Albina, akangoja kidogo. Albina akageuka dirishani, akajifanya anaangalia ng'ombe. Bibi akakunja kanga, akakipakata tena kibuyu.

Kijijini walimkuta Baba mdogo Flavian pamoja na majirani wamesimama uani, tayari kushusha mizigo. Lakini hakuna aliyegusa hata kigoda. Katika ukoo wa Bibi, mtu anapohamia nyumba, kitanda hakitangulii. Huanza kuingia moto, ikafuata mbegu, ndipo waingie watu na vyombo vyao. Mke wa Flavian alishaingia na makaa kwenye kigae, na moshi ulianza kutoka jikoni. Sasa watu wote walimpisha Bibi Silvana aingie na kibuyu.

Albina alimfuata kwa macho. Alijua kikishatundikwa juu ya moshi, hakuna atakayekigusa mpaka mwisho wa mwezi. Zile mbegu zingeoza humo ndani polepole, na yeye angekuwa akipika chini yake kila siku. Bibi alikuwa ameshainua mkono kufikia boriti.

"Bibi, usikitundike!"

Watu wote waligeuka. Albina alihisi uso unamwaka, lakini mdomo ulishafunguka. "Nilikiosha jana. Kikatumbukia kwenye beseni. Mbegu zimelowa. Hayo masizi nimeyapaka mimi, kwa mafuta."

"Albina!" Mama alishika kichwa. "Tangu jana umenyamaza? Na tulikuwa wote kwenye gari moja?"

"Edith, mwache amalize," alisema Bibi. "Umemaliza, mjukuu wangu?"

"Nimemaliza, Bibi." Machozi yalimtiririka. "Nisamehe."

Bibi aliomba ungo, akakaa kizingitini, akachomoa gunzi na kumimina. Harufu kama ya togwa ikajaa jikoni. Ulezi ulikuwa umevimba, na punje nyingi zimetoa ncha nyeupe, ndogo kama ncha ya sindano.

Baba mdogo Flavian aliinama akanusa. "Mama, hiki sasa ni kimea. Tukianike tusage, walau wageni wapate togwa."

Jirani mmoja akaguna kucheka, akanyamaza haraka. Bibi aliweka punje moja juu ya ukucha, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hazijafa," alisema. "Zimeamka. Zikirudi ndani zitaoza, na zikianikwa juani zitakufa. Zimebakiwa na udongo tu. Flavian, shamba umesema liko tayari?"

"Liko tayari, mama. Lakini leo? Na vitanda je?"

"Vitanda vimewahi kuota? Vikae uani."

Basi mambo yakageuka. Wanaume walishusha mizigo mbio mbio, makabati wakayapanga chini ya paa la baraza, magodoro wakayafunika kwa turubai, na tenga la kuku likabaki juu ya meza. Dereva naye alizima gari, akakunja suruali. "Mtoto wa moshi nimemleta mimi," alisema, "siwezi kuondoka kabla hajalala."

Shambani Bibi alichanganya mbegu na majivu makavu ili zisigandane. Zile chache za chini kabisa, ambazo mizizi ilishakuwa mirefu, alizitenga. Kisha alitembea taratibu akimwaga kwa vidole vitatu, mkono ukienda kushoto na kulia. Nyuma yake Albina na watoto wa Flavian walikokota matawi ya miti yenye majani mengi, ili udongo uzifunike mbegu kidogo tu. Mikono ya Albina ilichubuka, lakini hakuachia tawi lake. Mara kwa mara alitazama wingu lililokuwa likipanda upande wa magharibi.

Walipomaliza kipande cha mwisho, matone makubwa yalianza kuanguka. Watu wakakimbia nyumbani kuokoa magodoro. Moja lililowa pembeni, na kabati la Mama lilipata mkwaruzo mlangoni. Jioni ile walikula ugali kwa maharage wamekaa juu ya magunia, kwa sababu hakuna aliyejua viti viko chini ya nini.

Siku ziliendelea. Baba alifungua karakana ndogo barazani, na Mama akaandikisha uhamisho wa Albina katika shule ya kijijini. Kila asubuhi Albina alikwenda kuchungulia shamba, akakuta udongo mtupu. Halafu asubuhi moja alirudi mbio, kiatu kimoja kikiwa kimebaki kwenye tope.

"Bibi! Njoo uone! Imeota!"

Walikwenda pamoja. Shamba lilikuwa na rangi ya kijani, hafifu bado, na hapa na pale pana mapengo. Lakini lilikuwa limeota. Albina alichuchumaa, akagusa jani moja kwa kidole.

"Bibi, mbona hukunichapa?"

Bibi alijifunga kanga yake, ile yenye baka jeusi ambalo halikutoka hata kwa sabuni.

"Sikiliza, mke mwenzangu. Maji yaliingia kwa bahati mbaya, na bahati mbaya haichapwi. Kosa lako lilikuwa masizi. Yale uliyapaka kwa kusudi, ili mimi nisione. Ungeniambia palepale kwenye beseni, tungezianika zikiwa bado zimelala, wala tusingeacha vitanda nje. Ungenyamaza siku moja zaidi, leo tusingekuwa na ulezi huu tena, wewe wala wajukuu wako. Umechelewa kusema, lakini umesema. Ndiyo maana kuna mapengo, na ndiyo maana kuna shamba."

Albina aliinamisha kichwa. "Nimeelewa, Bibi."

"Basi mavuno yakija, utakijaza kibuyu wewe, utakiziba wewe, na utakitundika wewe. Kwanza utakiosha hayo masizi ya mafuta; kitakuwa cha kahawia mwanzoni na watu watakicheka. Waache wacheke. Masizi ya kweli yanaletwa na moshi, na moshi hauna haraka."

Kisha akamwambia akatafute kiatu chake.