Sharti la Lango la Nne

"Nguo zimekauka. Anua kabla ya saa nne."

Simu ikakatwa.

Sindano aliirudisha Nokia mfukoni, akapandisha zipu ya ovaroli. Casio mkononi ilisema saa tatu na dakika kumi na mbili. Begini mlikuwa na bisibisi, flashi moja, na bastola ya Glock iliyoviringishwa kwenye kitambaa cha vumbi. Mlinzi wa ofisi ya ukaguzi wa mizigo alimuuliza anakwenda wapi. Akajibu kwamba kiyoyozi cha ghorofa ya tatu kinavuja, na kweli kilivuja, maana alikitoboa mwenyewe jana.

Kazi ilikuwa hii: lori la dawa bandia za watoto lingepita lango mojawapo saa nne na nusu, bila kukaguliwa, na yeye alitumwa kuliziba lango hilo. Mwezi uliopita lilipita lori jingine, na watoto kumi na tisa wakazikwa. Sindano aliingia wodini siku ile, akahesabu vitanda. Tangu hapo moyo wake umekufa ganzi. Halii, hakasiriki. Anakula, anashiba, analala.

Chumba chenye kiyoyozi kile kilikuwa kitupu. Mshauri aliyeajiriwa kupanga ratiba za wakaguzi alikuwa kikaoni. Sindano hakupewa jina lake, na hakuuliza.

Alichomeka flashi kwenye kompyuta. Faili la ratiba likafunguka.

Lugha ile ya kompyuta aliijua tangu utotoni. Huielekezi mashine hatua kwa hatua. Unaandika aljebra tu. Unataja usichokijua: wakaguzi wangapi wakae lango gani, saa ngapi. Unataja unachotaka kipungue: foleni ya malori. Unaweka masharti, na mashine inajitafutia jibu bora.

Masharti yalikuwa mia mbili na kumi. Kila moja lilikuwa na sababu yake pembeni, kwa maneno ya kawaida.

La mia na themanini na nne lilisema: wakaguzi wa lango la nne, saa nne na nusu, ni sawa na sifuri. Sababu: wamekwenda kunywa chai.

Vidole vyake vikasimama.

Mtu mmoja tu angeandika sababu hata kwa sharti la wizi. Ndiye aliyemlea Sindano baada ya mama yake kufariki, akamfundisha aljebra kwenye meza ya jikoni. Sharti lisilo na sababu ni uonevu, ndivyo alivyozoea kusema.

Mjomba.

Alingoja uchungu uje. Haukuja.

Akafuta sifuri, akaandika sita. Akafuta chai, akaandika sababu nyingine. Alipochomoa flashi, mlango ukafunguka.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Ee, kuuza bima umeacha? Siku hizi fundi?"

"Kazi ni kazi."

Mjomba alicheka, akasema heri fundi kuliko kuwauzia watu vifo vyao. Akamwambia Jumapili asikose kuja nyumbani. Kisha akaketi na kubonyeza kitufe.

Jibu bora limepatikana, kioo kikasema.

Ratiba ikaenda malangoni, yeye hakuitazama. Hakuwahi kutazama. Ukiandika masharti sawasawa, alimfundisha Sindano zamani, jibu halihitaji kukaguliwa. Akawapigia simu wenye lori. "Lango la nne," akasema, akakata.

Neno moja lingetosha kumwokoa Mjomba. Sindano alipanda ngazi iliyoegemezwa ukutani, akaanza kukaza skrubu za kiyoyozi, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Saa nne na dakika thelathini na nane, kifaa sikioni mwa Sindano kikakwaruza.

"Nguo zote tunazo. Dereva, katoni, kila kitu. Na mshonaji wao yuko wapi?"

"Ghorofa ya tatu," alinong'onea kola. "Pandeni."

Simu ya Mjomba ililia. Alisikiliza, akaiweka mezani taratibu. Akafungua faili, akashuka mpaka la mia na themanini na nne, akasoma.

Wakaguzi wa lango la nne ni sawa na sita. Sababu: watoto kumi na tisa.

Alivua miwani. Alimtazama mpwa wake juu ya ngazi.

"Umeandika vizuri," akasema.

"Jumapili nitakuja, Mjomba. Popote watakapokuweka."

Akateremka, akachukua begi. Askari walimpita koridoni wakikimbia. Hakugeuka. Chini, mlinzi alimuuliza kama kiyoyozi kimepona.

"Bado kinavuja," alimwambia. "Tafuteni fundi."