Upande wa Saa

Kabla ya kutoka nyumbani nilihakikisha kila mtu amekojoa. Kwenye ukumbi wa michezo kuna choo kimoja tu cha wanawake, na wakati wa mapumziko foleni yake hufika hadi kwenye vining'inizo vya makoti. Nilitia mkobani machungwa madogo, mikate ya jibini na soksi za akiba za Ellis. Ilikuwa Desemba, na katika mji wetu wa Ormsley giza lilikwisha kushuka kutoka milimani kabla watoto wa jirani hawajaitwa kunywa chai. Mvua ilikuwa ile nyembamba, ambayo hujui imekulowesha mpaka uingie ndani.

Mume wangu Craig alikufa mwezi wa Machi. Alianguka kazini, ghalani, katikati ya makasha. Tangu siku hiyo nilipika, nikafua, nikaenda kazini, nikarudi. Watu waliniuliza najisikiaje. Nilikuwa sijisikii kitu.

Aliyekuwa akilia ni Ellis. Alikuwa na miaka sita. Alilia mezani, alilia dukani, alilia kitandani, na asubuhi shuka zilikuwa zimelowa. Nilibadilisha shuka. Dada yake Keeley, wa miaka tisa, alinisaidia kuzikunja.

Kwenda kuona panto, mchezo wa kuchekesha wa Krismasi, ni mila ya ukoo wa Craig. Bibi yake alimpeleka mama yake, mama yake akampeleka yeye, yeye akawapeleka hawa wawili. Picha zao zimetundikwa ngazini kwa mama mkwe wangu, Noreen: kila mwaka watu walewale mbele ya mlango uleule. Katika zote yule bibi, aliyekufa kabla sijaolewa, amesimama mkono mmoja ukiwa mgongoni, kama askari.

Tiketi alikuwa akinunua Noreen, wakati wa kiangazi, na siku zote upande wa piano. Mwaka ule hakuwa na moyo wa kununua kitu. Nilinunua mimi, kwa kuchelewa, nikapata viti vya upande wa pili, chini ya saa ya ukutani. Nilimwambia kwa simu.

"Upande wa saa?" akasema. "Mwanangu, sisi hatukai upande wa saa."

Nilimwambia kiti ni kiti. Yeye akasema goti linamsumbua, hatakuja.

Ukumbi ulinuka kama siku zote: makoti mabichi, maganda ya machungwa, vumbi linaloungua juu ya taa. Trevor, fundi wetu wa mabomba, ndiye aliyecheza mama wa nyumba. Alivaa gauni la maua na maputo kifuani. Alimwambia mzee mmoja mwenye kipara azime taa, inampofusha. Akamuuliza mwanamume wa safu ya tatu amekuja na mkewe au na mama yake, na yule mke akacheka kuliko wote. Mchawi wa Kinamasi aliingia upande wetu, upande wa saa, karibu kiasi kwamba nilisikia sketi yake ikiburuta. Watoto wakamzomea. Mwema mwenye mabawa akaingia upande wa piano, wakamshangilia. Ndivyo inavyokuwa kila mwaka, kila mji. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kisha ikaja sehemu ya benchi. Trevor na wenzake wawili wanakaa kuimba, zimwi la shuka nyeupe linatokea nyuma yao. Watoto wanapiga kelele: nyuma yako! Trevor anageukia huku, zimwi linazunguka naye. Anageukia kule, linazunguka naye. Anawaambia watoto: hapana, hayuko. Watoto wanamjibu: ndiyo, yuko. Na zimwi linawachukua wenzake mmoja mmoja.

Ellis alikuwa amesimama juu ya kiti, anapiga kelele na kucheka. Alikuwa hajacheka tangu Machi. Nilimtazama. Nilijua kwamba hilo ni jambo jema. Nililijua kama unavyojua kwamba maji yamechemka.

Mwishoni watoto huitwa jukwaani kuimba. Ellis alikimbia na wenzake hadi ngazi za upande wa piano, wakapanda. Trevor aliinama akamuuliza jina, ingawa anatujua, kisha akamuuliza amekuja na nani.

"Mama na Keeley," Ellis akasema kwenye kipaza sauti. "Na baba. Lakini baba hatuoni. Anatutafuta kwenye viti vya kule."

Akaonyesha upande wa piano.

Trevor alimzika Craig pamoja nasi, alibeba jeneza. Alitengeneza puto lake moja, akasema wanaume hawajui kutafuta kitu hata kama kiko mbele ya pua, watu wakacheka kwa shukrani, akampa Ellis mfuko wa pipi.

Wimbo ukaisha. Watoto wakaanza kushuka walikopandia, taratibu, wakisukumana. Ilikuwa Jumapili, na Jumapili basi la kupanda mlimani kwetu huondoka mapema, na ukilikosa unatembea. Nilimpungia Ellis mkono. Kulikuwa na ngazi nyingine hapa karibu nasi, nyuma ya pazia jeusi, kule alikotokea mchawi. Nikamwonyesha. Njoo huku.

Akasita. Akalitazama pazia. Akanitazama.

Njoo, nikamwambia kwa midomo.

Akaingia nyuma ya pazia.

Ngazi zile ni fupi. Nilifunga koti la Keeley. Nikachukua mkoba. Nikanusa kitu... udongo mbichi, na mshumaa uliozimwa kwa vidole. Pazia lilikuwa limetulia kabisa.

"Mama," Keeley akasema, "mbona hatoki?"

Ndipo akatoka. Akaja moja kwa moja, akanipa mkono. Ulikuwa wa moto. Ellis mikono yake ni baridi siku zote, hata Agosti.

Ndani ya basi akafungua mfuko. Ellis hapendi pipi ya limau. Tangu akiwa mdogo sana akiipata huiweka kiganjani mwangu bila kusema neno, na mimi huila bila kusema neno. Siku ile alizichambua pipi kwa kidole, akaitoa ya limau, akaila kwanza.

Nikasema moyoni, anakua.

Usiku ule hakulia. Asubuhi shuka zilikuwa kavu. Na kesho yake kavu. Alikula maharagwe juu ya mkate mpaka sahani ikang'aa, akasema asante. Mwalimu wake akanisimamisha getini akaniambia hongera, mtoto ametulia. Jirani akasema watoto husahau upesi, ni rehema. Nililala usingizi mzima kwa mara ya kwanza tangu Machi, na sikufuatilia.

Keeley ndiye aliyeacha kuingia chumbani kwa Ellis.

Jioni moja nilikuwa naosha vyombo. Keeley alikuwa mezani na hesabu zake. Nilisikia kalamu imesimama.

"Mama, usigeuke haraka."

"Kwa nini?"

"Ellis yuko nyuma yako."

Niligeuka. Hakuna mtu. Kupitia mlangoni nilikiona kichwa cha Ellis sebuleni, mbele ya televisheni, kimetulia.

"Si huyo," Keeley akanong'ona. "Ulipogeuka alizunguka na wewe. Unageukia upande mbaya, mama. Kila siku unageukia upande mbaya."

Nikamwambia panto imekwisha, amalize hesabu.

"Amelowa," akasema. "Anasema kuna baridi."

Nikakausha mikono. Sakafuni, nyuma ya visigino vyangu, palikuwa na maji kidogo. Nikasema ni ya vyombo. Nikapiga deki.

Lakini Jumamosi iliyofuata nilimwachia jirani watoto, nikaenda kwa Noreen. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama jikoni kwake na koti mwilini. Hakunishangaa. Aliuliza jambo moja tu.

"Alishukia wapi?"

Nikamwambia. Akaketi.

"Mwema huingia upande mmoja, mwovu upande mwingine," akasema. "Mtoto aliyepanda kwa mwema hashuki kwa mwovu. Mama alinishika sikio akanifundisha hivyo, na mimi nikamfundisha Craig. Wewe sikukwambia. Nilidhani viti vyetu vitatosha."

Kisha akanisimulia juu ya mdogo wake, Dot. Alikuwa mtoto mwenye kulia sana. Krismasi moja alitoka jukwaani akawa mtoto mwema. Hakulia tena, hata mama yao alipokufa. Sasa yuko Kanada, ana wajukuu, hutuma kadi kila mwaka.

"Kadi nzuri," Noreen akasema. "Huwa sizifungui."

Nikamuuliza mwanangu anarudishwaje.

"Sijui, mwanangu. Mama alijaribu mengi. Mwishowe aliniambia, Dot wetu hatoki, lakini pia haendi."

Nilirudi nyumbani nikapika samaki na viazi. Keeley alikuwa amebaki kwa jirani, hakutaka kuja. Tulikaa wawili mezani, mimi na yule aliyekuwa na uso wa mwanangu. Alama ya tetekuwanga juu ya nyusi ilikuwepo. Pengo la jino lilikuwa palepale.

"Wewe si Ellis," nikamwambia.

Akaweka uma chini kwa adabu.

"Ndiyo, ni mimi."

"Hapana, siye."

Akatabasamu. Akafungua kinywa.

"Ndiyo, ndiye."

Haikuwa sauti moja. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na nyingine, na nyuma ya hiyo nyingine, ukumbi mzima wa watoto, wa zamani na wa sasa, wakijibu kwa pamoja kwa sauti ya chini.

Kisha akachukua uma akaendelea kula. Nami nikaendelea kula. Samaki alikuwa anapoa.

Sikumfukuza. Unamfukuza vipi mtoto wa miaka sita, na umpeleke wapi? Nilimnunulia viatu vilipombana. Nilimpeleka kwa daktari wa meno. Naye hakunifanyia ubaya wowote, hata mara moja. Ila kila nilipoinama kufunga kamba za viatu vyake, nilisikia pumzi ndogo ikitetemeka shingoni kwangu, kwa nyuma. Niligeuka kulia. Niligeuka kushoto. Niliweka kioo. Katika kioo nilijiona mwenyewe tu, na Keeley mlangoni akitikisa kichwa.

Kiangazi nilinunua tiketi mapema. Upande wa piano.

Desemba ilipofika Noreen alikuja, na goti lake. Tulikaa kwenye viti vya zamani, yeye pembeni, kisha Keeley, mimi, na yule mtoto. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: apande upande mmoja, atokee ule mwingine, kama safari iliyopita, na lililoingia litoke. Trevor alipowaita watoto mapema, kabla ya sehemu ya benchi, nilimsukuma begani.

"Nenda ukaimbe."

"Mimi siendi, mama," akasema taratibu. "Nilishakwenda."

Akaushika mkono wangu kwa mkono wake wa moto, akautazama mchezo.

Likaja benchi. Likaja zimwi la shuka. Watoto wakaanza kupiga kelele, nyuma yako, nyuma yako. Zimwi likamchukua wa kwanza. Likamchukua wa pili. Na mimi nikaona kwamba watoto wa safu ya mbele hawamtazami Trevor.

Walikuwa wamegeuka. Walikuwa wamepiga magoti juu ya viti vyao, wananitazama mimi.

Nyuma yako!

Mama zao walicheka, wakajaribu kuwageuza. Safu ya pili nayo ikageuka. Safu ya tatu. Keeley alikuwa analia bila sauti. Noreen alikuwa ametazama mapajani.

"Hapana," yule wa kando yangu akasema, "hayuko."

"Ndiyo, yuko!" ukumbi ukajibu.

"Hapana, hayuko."

"Ndiyo, yuko!"

Ndipo nikanusa. Siyo udongo, siyo mshumaa. Sufu iliyolowa, na mkojo wa usiku, na nywele za mtoto aliyelia mpaka akachoka. Harufu ya shuka nilizobadilisha tangu Machi hadi Desemba.

Sikugeuka. Nilikuwa nimegeuka mwaka mzima.

Nilipitisha mkono wangu mmoja nyuma, kati ya mgongo na kiti. Nikaufungua. Nikangoja.

Kitu kidogo kikawekwa kiganjani. Kigumu, kimefungwa karatasi, kimenata kwa kukaa mfukoni muda mrefu. Kisha vidole vikafuata. Baridi kama bomba la maji.

Nikavifumba ndani ya vyangu.

Trevor akakimbia jukwaani, zimwi nyuma yake, watu wakapiga makofi. Taa zikawaka. Noreen alikuwa ananitazama mkono. Alininyanyulia mkoba, kwa kuwa mimi nisingeweza, akatutangulia mlangoni, na nje, mvuani, mtu mmoja akatupiga picha.

Pipi niliila ndani ya basi, kwa mkono uliobaki, bila kusema neno. Ilikuwa ya limau.

Sasa ni mwaka wa tatu. Yule wa mikono ya moto anafanya vizuri shuleni. Mimi napika, nafua, naenda kazini, narudi. Nimejifunza kumenya viazi kwa mkono mmoja, na mlango naufungua kwa kiwiko. Dukani wakiona mkono wangu uko nyuma huniuliza kama ni mgongo.

Nawaambia ndiyo, ni mgongo.